Kiyoyozi katika Peugeot 504 ya zamani hapa Mombasa: tuanze na joto, gesi ifuate

Mwanzisha uzi, Tudor

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Wenzangu wenye magari ya zamani wameniomba mara kadhaa nieleze jinsi nilivyofunga kiyoyozi katika Peugeot 504 yangu ya 1976, ambayo haikutoka kiwandani na chombo hicho, nami nimeona afadhali niandike yote mahali pamoja kuliko kuyarudia vipande vipande kwenye simu.

Nianze na jambo lililonigharimu miaka miwili na fedha nyingi kabla sijalielewa. Kazi ya kiyoyozi ni kubeba joto. Hulichukua lililomo ndani ya gari, hulipeleka mbele ya rejeta na kulimwaga nje, na ikiwa mahali pa kulimwagia hapatoshi, gesi ya aina yoyote na kompresa ya bei yoyote hazitakufaa kitu.

Kwa wasioujua mzunguko wenyewe, kompresa inayozungushwa na mkanda wa injini huibana gesi mpaka ikawa moto kuliko hewa ya nje. Kondensa, iliyo mbele ya rejeta, huipoza mpaka ikageuka kimiminika. Kimiminika hicho hupita kwenye draya, ile chupa yenye chembechembe za kunyonya maji, kisha hupenya tundu jembamba la valvu ya upanuzi na kuingia katika evapareta chini ya dashibodi, ambako presha hushuka ghafla na gesi huanza kuchemka. Gesi inayoitwa R-134a, ikiwa wazi, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na ikiwa ndani ya evapareta kwa presha ya psi (paundi kwa inchi ya mraba) 28 hivi, huchemka kwenye nyuzi sifuri. Kuchemka huko ndiko kunakonyonya joto la hewa inayopulizwa na feni kuja usoni mwako.

Fundi wangu wa kwanza alifunga kila kitu kwa siku moja. Kondensa aliifunga kwa waya mbele ya rejeta, ikabaki nafasi ya vidole vinne baina yao, akatia gesi bila kuvuta hewa iliyokuwa ndani ya mabomba, akanikabidhi gari jioni likipuliza baridi safi. Jioni, kwa sababu jua lilikuwa limeshatua. Kesho yake saa saba mchana nilikuwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, magari yamebanana, hakuna upepo, na sindano ya joto la injini ikapanda taratibu mpaka ikagusa sehemu nyekundu huku hewa ya kiyoyozi ikiwa vuguvugu kama pumzi. Nilizima kila kitu, nikafungua boneti, na bomba la kutoka kwenye kompresa lilikuwa moto kiasi kwamba kitambaa nilichokishikia kilianza kunuka.

Kilichotokea hapo ni hesabu rahisi. Kondensa hupasha moto hewa kabla haijafika kwenye rejeta, kwa hiyo rejeta ambayo peke yake ilikuwa ikiimudu injini sasa inapozwa kwa hewa ya moto. Gari likienda, upepo wa mwendo husaidia, lakini likisimama hakuna msaada isipokuwa feni. Kwenye 504 feni ya injini ina klachi ya sumaku ya umeme, ambayo huiacha feni izunguke bure mpaka swichi ya joto kwenye mfumo wa maji iamue kuiunganisha. Utaratibu huo ulikuwa wa busara sana kwa gari lisilo na kiyoyozi, kwa kuwa feni isiyohitajika hula nguvu ya injini bure. Ila kondensa inahitaji hewa tangu dakika ya kwanza kompresa inapowaka, wala haiwezi kungoja maji ya injini yachemke. Fundi wangu wa pili, mzee aliyefanya kazi ya majokofu ya meli Kilindini kwa miaka mingi, alivuta waya mmoja kutoka kwenye relei ya kompresa (swichi inayowashwa kwa umeme) hadi kwenye sumaku ya feni, ili moja ikiwaka na nyingine iwake. Waya huo, ambao haufiki mita mbili, ulifanya kazi kubwa kuliko vifaa vyote nilivyokuwa nimenunua.

Baada ya hapo tuliiondoa kondensa ya zamani ya mabomba ya nyoka, tukaweka ya kisasa yenye njia nyingi nyembamba zinazokwenda sambamba, ambayo kwa ukubwa uleule hutoa joto zaidi. Tuliisogeza mpaka ikabaki nafasi ya sentimita moja na nusu kutoka kwenye rejeta, na kingo zote nne tukaziba kwa sponji ngumu ili hewa isipite pembeni. Watu hupuuza sponji kwa sababu ni kitu cha bei ndogo, lakini hewa ni mvivu, na ukiiachia upenyo itapita kwenye upenyo. Mbele tuliongeza feni ya umeme ya inchi 12.

Mjumbe wa Kisauni

Shikamoo mzee wetu. Nina Datsun 160J ya babangu na nataka kufuata njia hii, lakini nina hofu na umeme. Altaneta yangu ni ya ampea 35 tu, na usiku nikiwasha taa zote na wipa naona mwanga unafifia. Je, nibadilishe altaneta kwanza, au nifunge kiyoyozi kisha nione itakavyokuwa?

Mwanzisha uzi, Tudor

Marahaba mwanangu. Badilisha kwanza. Feni ya ndani hula ampea 10 hadi 15 ikiwa kwenye kasi ya juu, feni ya mbele ya kondensa karibu kiasi hicho hicho, na klachi ya kompresa (sumaku inayoiunganisha kompresa na mkanda wake) takriban ampea 4, kwa hiyo kiyoyozi peke yake kinaweza kumeza karibu umeme wote wa altaneta yako kabla hujawasha hata taa moja, tena altaneta haitoi ampea zake zote injini ikiwa inazunguka polepole kwenye foleni. Mimi niliweka ya ampea 70. Kila feni ipe relei yake na fyuzi yake, na waya utoke moja kwa moja kwenye betri. Usipitishe mzigo huo kwenye swichi za dashibodi, kwa sababu nyaya zilizokaa miaka 45 katika hewa ya chumvi zimekuwa za kijani ndani ya ganda lake hata kama nje zinaonekana nzima.

Jambo lingine ambalo hukuliuliza ni mzunguko wa injini gari likiwa limesimama. Kompresa huchukua nguvu za farasi kadhaa, na injini yenye kabureta haina kompyuta ya kujirekebisha, kwa hiyo klachi ikishika gari hutetemeka au huzima. Kuna kifaa kidogo cha sumaku kinachovuta mkono wa kabureta kidogo kila kompresa inapowaka. Kifunge.

Klachi yenyewe tuishukuru. Magari ya Packard ya Marekani, ambayo yalitangulia kuuzwa yakiwa na kiyoyozi cha kiwandani mwaka 1939, hayakuwa nayo, na aliyetaka kuzima baridi alilazimika kuzima injini, kufungua boneti na kutoa mkanda.

Mjumbe wa Nairobi

Nimefuata uzi huu kwa makini. Nina swali kuhusu kuvuta hewa. Nimenunua pampu ya vakyumu na seti ya geji, lakini sindano ya upande wa chini inashuka hadi inchi 24 na kugoma hapo, ilhali maelekezo yote niliyoyasoma yanasema lazima ifike 29. Nimebadilisha oringi zote, zile pete za mpira za kuzibia viungo, mara mbili. Je, pampu ni mbovu, au kuna mahali panavuja?

Mwanzisha uzi, Tudor

Ndugu yangu, usibadilishe oringi mara ya tatu. Geji hiyo hupima tofauti baina ya ndani ya bomba na hewa ya nje, na hewa ya Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya huku kwetu. Hapa Mombasa hewa inasukuma kwa takriban inchi 29.9 za zebaki, kwa hiyo bomba likiwa tupu kabisa sindano hukaribia 30. Huko kwako hewa yote iliyopo ni inchi 24 hivi, na sindano haiwezi kuonyesha zaidi ya kilichopo. Funga valvu, zima pampu, uiache nusu saa. Ikitulia palepale, hakuna uvujaji mkubwa. Kama unataka uhakika kamili, tumia kipimo cha umeme kinachosoma maikroni (kipimo kidogo sana cha presha iliyobaki ndani), na ukifika 500 au chini yake, umemaliza.

Nieleze kwa nini nalishikilia jambo hili la kuvuta hewa kwa nguvu, hasa kwa sisi tulio pwani. Hewa yetu imebeba maji mengi sana, na bomba lililoachwa wazi usiku mmoja huyanywa maji hayo. Kwenye nyuzi 30, maji huchemka pale tu presha inaposhuka chini ya kilopaskali 4.2, yaani kama sehemu 4 kati ya 100 za hewa ya kawaida. Pampu ya vakyumu hutoa maji kwa kuyachemsha yangali baridi, yakatoka kama mvuke, na jambo hilo linataka muda. Dakika 10 hazitoshi. Mimi huacha saa nzima, na kwa gari ambalo mabomba yake yalikaa wazi kwa wiki kadhaa nimeacha saa tatu. Maji yakibaki, huganda kwenye tundu la valvu ya upanuzi, ukaona kiyoyozi kinapoza robo saa kisha kinaacha, halafu kinarudi baada ya kupumzishwa. Mbaya zaidi, maji hayo yakichanganyika na gesi na mafuta katika joto la kompresa huzaa asidi, na asidi hula kompresa kutoka ndani bila kelele.

Kwa sababu hiyohiyo draya hufungwa mwisho kabisa. Ukitoa vizibo vyake asubuhi ukaenda kunywa chai Mwembe Tayari, ukirudi imeshajaa unyevu wa mji na haina nafasi ya kunyonya ule ulio ndani ya mabomba.

Mjumbe wa Mtwapa

Asante kwa maelezo haya. Mimi nina Mercedes ya 1980 ambayo ilikuja na kiyoyozi cha kiwandani kilichotumia R-12. Fundi mmoja ameniambia nitie R-134a juu kwa juu, mwingine amenishauri gesi ya kupikia kwa sababu inapoza vizuri na ni rahisi kuipata. Nimsikilize nani?

Mwanzisha uzi, Tudor

Usimsikilize yeyote kati ya hao wawili, dada yangu.

Tuanze na gesi ya kupikia. Ni kweli kwamba propani na butani hupoza, na kuna majokofu ya nyumbani yaliyoundwa kwa gesi za jamii hiyo, yakitumia kiasi kidogo sana. Lakini evapareta ya gari imo ndani ya chumba cha abiria, chini ya dashibodi, jirani na swichi na relei zinazotoa cheche, na hozi zako zina umri wa miaka 40. Siku itakayovuja mmefunga vioo, na pengine watoto wamelala kiti cha nyuma, hakuna atakayekuwa na muda wa kujuta. Ninasema hivi kwa uzito wote.

Ama R-12, gesi hiyo ilipatikana kuwa inaharibu tabaka la ozoni, na kwa Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi zetu zinazoendelea zilipewa hadi 2010 kuacha kabisa. Kuhamia R-134a ndiyo njia iliyozoeleka, lakini haiwezekani juu kwa juu. Mafuta ya madini yaliyotumika na R-12 hayachanganyiki na R-134a, kwa hiyo yatatuama katika sehemu za chini za mabomba na kompresa itakauka. Itabidi mfumo usafishwe kwa kimiminika maalumu na kukaushwa kwa naitrojeni, kompresa imwagwe mafuta yake na kutiwa ya esta, draya ibadilishwe kwa ile ambayo chembechembe zake zinastahimili R-134a, na oringi zote ziwe mpya. Chembe za R-134a ni ndogo na hupenya kwenye ukuta wa hozi za kale, kwa hiyo agiza hozi zenye tabaka la ndani la kuzuia upenyo. Kisha tia gesi kwa mizani, kati ya asilimia 80 na 85 ya uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha kiwandani, kwani ukijaza uzito uleule wa R-12 presha ya upande wa juu itapanda kupita kiasi. Gesi ya zamani iliyobaki ivutwe kwa mashine na kuhifadhiwa. Isiachiwe hewani.

Fundi wa Changamwe

Naunga mkono hilo la mizani, na naomba niongeze jambo kwa wateja wetu. Watu wengi huja gereji wakisema wamepimiwa presha na gari limezimwa, wakaambiwa gesi imejaa. Gari likiwa limelala usiku kucha, geji zote mbili zitasoma karibu psi 97 kukiwa na joto la nyuzi 30, iwe gesi imejaa au imebaki robo, almuradi bado kuna kimiminika kidogo ndani. Kipimo hicho kinafuata joto la siku, na wingi wa gesi hakiusemi. Pima injini ikiwa inazunguka kama mara 1,500 kwa dakika, milango wazi, feni ya ndani kwenye kasi ya juu. Kwa mchana wa nyuzi 32, upande wa juu ukisoma kati ya psi 200 na 250 na wa chini kati ya 25 na 40, mfumo uko salama. Ukiona wa juu umepita 300, angalia feni na uchafu wa kondensa kabla ya kugusa gesi.

Pia tafadhali msikubali mfumo upimwe uvujaji kwa upepo wa kompresa ya kujazia magurudumu, maana upepo huo umejaa maji, na msikubali kamwe oksijeni, kwa kuwa oksijeni ikikutana na mafuta kwa presha kubwa hulipuka. Naitrojeni kavu inapatikana kwa wauzaji wa gesi za kuchomelea. Itieni mpaka psi 150, pakeni povu la sabuni kwenye kila kiungo, mtazame kwa utulivu.

Mwanzisha uzi, Tudor

Nashukuru sana fundi, umelisema kwa ufasaha kuliko ambavyo ningelisema mimi.

Sasa niingie upande wa ndani ya gari, ambao mafundi wengi hawaushughulikii kwa sababu hakuna anayewalipa kwa ajili yake. Huku kwetu sehemu kubwa ya kazi ya evapareta ni kukausha hewa. Kugeuza kilo moja ya mvuke kuwa maji humwagia evapareta takriban kilojuli 2,400 za joto, na nguvu hiyo ingetosha kushusha joto la kilo 100 za hewa kavu kwa nyuzi 24. Kila upenyo unaoingiza hewa ya nje unaingiza mzigo huo. Kabla ya kuongeza ukubwa wa kompresa, badilisha mipira ya milango, ziba matundu ya nyaya kwenye ukuta wa injini, na funga kabisa mlango wa hewa ya nje ili feni izungushe hewa ileile. Chunguza pia bomba la hita. Valvu ya hita katika magari haya huchoka na kupitisha maji ya moto hata ikiwa imefungwa, ukawa unapoza na kupasha kwa wakati mmoja. Hapa Mombasa sijawahi kuhitaji hita, hivyo nililikata tawi lake kwa kiungo ambacho atakayerithi gari anaweza kukitoa kwa dakika tano.

Chini ya dari na chini ya zulia niliweka povu lenye vyumba vilivyofungwa, lisilonyonya maji. Nililifikia zulia kwa uchungu. Yule fundi wa kwanza alikuwa ameuelekeza mpira wa maji ya evapareta kwenye kona ya sakafu badala ya kuutoboza nje, na kwa miezi minane maji yote ya jasho la evapareta yalikuwa yakizama chini ya miguu ya abiria. Siku nilipolifunua zulia kwa kisu, lilibanduka na ganda la kahawia upana wa kiganja, na nilipobonyeza kwa kidole gumba bati lilitoa sauti kama ya biskuti, kisha nikaona saruji ya gereji kupitia tundu. Gari lilikuwa limevuka miaka yote hiyo ya chumvi likiwa na sakafu yake ya kiwandani. Kwa hiyo nawasihi, kabla ya kumlipa fundi, mimineni kikombe cha maji kwenye trei ya evapareta na mlale chini kuyaona yakitoka nje.

Katika utunzaji, chumvi ndiyo adui wetu wa kila siku. Kila Ijumaa naisuuza kondensa kwa maji baridi yasiyo na presha, kwa sababu mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi yake na hewa ikakosa njia. Pale alumini inapogusana na chuma cha mwili wa gari niliweka washa za mpira, kwani metali mbili hizo zikikutana katika unyevu wenye chumvi alumini huliwa. Msimu wa kusi, hata kukiwa na ubaridi wa asubuhi, nawasha kiyoyozi dakika 10 kila wiki ili mafuta yafike kwenye sili ya shafti ya kompresa, ambayo ikikauka huanza kuvuja. Na nikikaribia nyumbani nazima kompresa na kuiacha feni kwa dakika tatu, evapareta ikauke, isiote ukungu wa ile harufu ya soksi.

Mjumbe wa Kisauni

Mzee, nakushukuru mno. Swali langu la mwisho ni kuhusu kutoboa. Gari ni la marehemu babangu na sitaki kuliharibu.

Mwanzisha uzi, Tudor

Mwenyezi Mungu amrehemu. Mimi katika gari langu nimetoboa tundu moja tu, la mpira wa maji, nalo nililipaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kupitisha mpira. Mabano yote ya kompresa yalitengenezwa kufuata matundu ya boliti yaliyopo kwenye injini, na hozi zilipita kwenye vizibo vya mpira vya kiwandani. Kila kitu nilichokitoa, pamoja na altaneta ya awali na valvu ya hita, nimekifunga kwa karatasi ya mafuta ndani ya sanduku na kuandika juu yake mahali kilipotoka. Tafuta kifaa cha evapareta cha kuning'inia chini ya dashibodi, usikate dashibodi ya babako.

Ukiwa tayari, njoo Tudor Jumamosi baada ya adhuhuri na kipimajoto cha jikoni. Tutakichomeka kwenye tundu la hewa la 504, tuende mpaka Makupa na kurudi, ukione mwenyewe. Wiki iliyopita kilisoma nyuzi 9 tukiwa mwendoni, na 13 tuliposimama kwenye msongamano.